Ile karatasi ya SCIM uliyonitumia

Malindi, Ijumaa

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Karatasi ya SCIM, ile ya kupimia anayoyaweza mwenyewe mtu aliyeumia uti wa mgongo, ya yule kijana wa Langoni huko Lamu nimeipitia. Umeijaza vizuri, ila mkono wako mwepesi kidogo wa kutoa alama.

Kwenye mkojo umempa 15. Lakini hapo chini umeandika kwamba anajitoa mkojo mwenyewe kwa mpira (katheta) kila baada ya saa nne, na katikati hajilowi. Huyo ni 11. Kumi na tano ni ya anayekojoa mwenyewe, mkojo unaobaki kibofuni hauzidi mililita 100, na havai kifuko cha mkojo. Angekuwa anavaa kifuko cha nje, na anakivaa bila kusaidiwa, ingeshuka hadi 9. Mpira wa kudumu ni 0, hata awe mkavu mwaka mzima. Mstari huu uangalie mara mbili, maana una uzito kuliko yote.

Kula je? Umeandika 3, na nduguye ndiye anayemkatia chakula. Basi ni 2. Na kama kijiko anafungwa kiganjani kwa mkanda, ni 1.

Mwendo ndio unaotutia huruma. Anayejisukuma mwenyewe kwa kiti cha magurudumu cha mikono hupata 2 kati ya 8, kwa sababu kuanzia 3 ni kutembea kwa miguu. Mistari ni mitatu: ndani ya nyumba, mita 10 hadi 100, na zaidi ya mita 100. Kwa hiyo hodari wa kiti anaishia 6 kati ya 24. Lakini kwenye vichochoro vyenu, kama lazima asukumwe akivuka vizingiti na kupishana na punda, basi nje ni 1. Andika anachofanya huko huko, si alichokifanya kwenye sakafu laini ya hospitali.

Kitandani usimuulize, mwangalie. Mambo ni manne: kugeuza kifua, kugeuza miguu, kuinuka akaketi, na akiwa kitini kujinyanyua kwa mikono. Yote manne ni 6, mawili au matatu ni 4, moja ni 2. Kitanda cha umeme hakihesabiwi. La nne hilo usiliache, maana asiyeweza kujinyanyua matako hukaa mahali pamoja mpaka kidonda kinachimbika.

Kuhama kutoka kitini hadi garini: usibuni. Subiri avuke Mokowe, upande wa bara, umpime kwenye gari lenyewe. Boti iandike pembeni kwa maneno. Kutoka chini hadi kitini kuna alama 1 tu. Mie naona ni uonevu kwa watu wanaokula na kuswali mkekani, lakini ndivyo karatasi ilivyo.

Na jumla usiilinganishe na ile ya FIM, kipimo kingine cha kujitegemea, aliyopimwa mwanzo: ile huanza 18 hata kwa asiyeweza lolote, hii huanza 0 na kuishia 100.

Nitumie mpya kabla hajarudi kliniki. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Fatuma