Wasifu wa mama Mkatoliki usiishie kwenye majina ya watoto

Mhariri,

Kila Jumamosi hapa Kisumu, na vivyo hivyo Siaya, Kakamega na Nakuru, akina mama Wakatoliki huzikwa na wasifu wao husomwa kwenye kipaza sauti. Mwanzo wake waombolezaji wanaujua kwa moyo: binti wa fulani, mke wa fulani, mama ya hawa, mama mkwe wa wale, nyanya ya wengi. Kisha huja ugonjwa na hospitali, kisha 2 Timotheo 4:7, "nimevipiga vita vilivyo vizuri". Katikati pana sentensi moja tu: "Alikuwa Mkristo mwaminifu aliyelitumikia Kanisa." Miaka mingi ya kazi inamezwa hapo, ilhali kazi yenyewe imeandikwa mahali, na familia ingeipata kama ingejua pa kutafuta.

Mara nyingi wasifu huandikwa na mtoto mmoja anayeishi mbali, usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha kijitabu, bila kumuuliza mtu yeyote wa jumuiya ndogondogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani alichosali nacho. Kazi hii ianze siku ile kamati ya mazishi inapokutana mara ya kwanza, na ipewe watu wawili, mmoja wa familia na mmoja wa jumuiya.

Anzeni na kitabu cha ubatizo. Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na kwenye ubatizo wa mtu huongezwa kipaimara na ndoa yake, hata kama vilifanyika parokia nyingine. Mama aliyebatizwa Mumias akaolewa Nakuru anapaswa kuonekana na hayo yote kwenye mstari mmoja kule Mumias. Nasema anapaswa, kwa sababu parokia iliyofungisha ndoa ikisahau kupeleka taarifa, nafasi hiyo hubaki wazi. Hapo itabidi kitabu cha ndoa cha Nakuru kifunguliwe pia.

Wengi hukwama kwa sababu mipaka ya majimbo na parokia imebadilika. Wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki kutoka Uingereza, walifika Kisumu mwaka 1903. Kisumu ikawa jimbo la Kanisa mwaka 1953, Nakuru 1968, Kakamega 1978, Bungoma 1987, na parokia nazo zimegawanywa mara nyingi. Mjukuu huenda kwenye parokia iliyo karibu na nyumbani, akaambiwa jina halipo, akarudi. Kumbe kitabu cha zamani hubaki pale ubatizo ulipofanyika. Kwanza tafuteni kadi yake ya ubatizo katika sanduku lake. Ikiwa na namba ya ubatizo, karani ataupata ukurasa kwa dakika chache. Bila namba, nendeni na jina la baba yake na mwaka wa kukisia, maana mama anayejulikana kijiji kizima kama nyar Alego (binti wa Alego, kwa Kijaluo), au kwa jina la kifungua mimba wake, hawezi kupatikana kitabuni kwa majina hayo. Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo mwangalieni Teresa wenu chini ya Theresia na Yohana wa kike chini ya Joanna. Kama alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka wa kuzaliwa huenda ulikisiwa. Andikeni "alizaliwa takriban" na msimwongezee miaka ili aonekane mkongwe.

Kuhusu ndoa, familia nyingi huogopa ukweli bila sababu. Akina mama wengi wa eneo hili waliolewa kimila kwanza, ng'ombe wakatolewa, na ndoa ikabarikiwa kanisani miaka mingi baadaye. Wasifu ukitaja tarehe ya kanisani pekee, watoto wanne wa kwanza wanaonekana wamezaliwa nje ya ndoa, na minong'ono inaanza papo hapo kaburini. Tajeni tarehe zote mbili. Wapo pia walioishi miaka mingi bila Komunyo kwa sababu mume alikuwa na mke mwingine, lakini hawakukosa Misa wala jumuiya hata mara moja, wakaja kurudi mezani pa Bwana baada ya kufiwa. Kwa maoni yangu hakuna ushuhuda wa imani unaoupita huo. Familia ikiridhia, usemwe kwa heshima, kwa sentensi mbili.

Sasa huduma. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji kupitia mikutano yao ya 1973 na 1976. Kwa miaka ya baadaye, mwombeni katibu wa jumuiya daftari la mahudhurio na michango. Kwa miaka ya kabla ya hapo, watafuteni wazee wa kigango. Chama cha akina mama Wakatoliki kina daftari lake, na humo ndimo mabishano ya nani alikuwa mwanzilishi huisha, kwa maana viongozi wa kwanza wametajwa. Kama hajatajwa, andikeni "mmoja wa wanachama wa mwanzo". Familia tatu haziwezi zote kuwa na mwanzilishi wa chama kimoja.

Kama alikuwa Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, mna bahati. Wanachama hukutana kila wiki, huenda kutembelea watu wawili wawili, na kila mmoja hutoa ripoti ya alichofanya, ikaingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Edel Quinn, mlei kutoka Ireland aliyeileta Legio Kenya mwaka 1936 na kufariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944, anajulikana vizuri hadi leo kwa sababu barua zake za kazi zilitunzwa. Ila angalieni mambo mawili. Ripoti hizo ni za siri, kwa hiyo semeni aliwatembelea wagonjwa, msitaje nyumba ya nani. La pili, huku kwetu Legio Maria ni jina la kanisa jingine pia, lililoanzishwa Nyanza miaka ya 1960 na Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko. Mkiandika "alikuwa Legio" tu, nusu ya wasikilizaji watadhani alihama Kanisa Katoliki. Andikeni jina la kikundi chake na parokia yake.

Kitabu cha ubatizo kina faida nyingine inayosahauliwa: hutaja wasimamizi wa ubatizo. Katekista akikaa nacho asubuhi moja anaweza kuhesabu watoto ambao mama huyu aliwasimamia, na hao nao ni wanawe. Waiteni wasimame siku ya mazishi.

Kisha muulizeni jirani, si mwenyekiti, alikuwa wapi katika miaka ile migumu. Ukimwi ulipotangazwa janga la kitaifa mwishoni mwa 1999, dawa zilikuwa bado ghali mno, na wagonjwa wa Nyanza waliogeshwa na kulishwa na akina mama wa jumuiya. Mwanzoni mwa 2008 uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa wakimbizi wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na kuna waliowapikia. "Alisaidia wasiojiweza" haitoshi. Semeni alipika nini, wapi, kwa muda gani. Matendo ya Mitume 9:39 inaonyesha jinsi wajane wa Yopa walivyomkumbuka Tabitha: hawakumsifu kwa maneno makubwa, walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea.

Mkishaandika, pimeni. Maneno 500 husomeka kwa dakika tano hivi, na hizo zinatosha. Majina ya wajukuu wote yabaki kwenye kijitabu bila kusomwa. Kanuni za Misa hazitaki mahubiri yageuzwe kuwa sifa za marehemu, hivyo kubalianeni mapema na padri kama wasifu utasomwa kabla ya Misa au baada ya sala ya Komunyo. Msimvizie altareni.

Nina ombi kwako, Mhariri. Mwaka 2020, wakati wa korona, mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, na akina mama wengi walizikwa bila jumuiya yao kuwepo na bila wasifu wowote. Daftari zao bado zipo. Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, ingefaa gazeti litenge safu moja kila wiki kwa wasifu wa maneno 300 wa mama mmoja, usio na orodha ya jamaa, uliothibitishwa na katibu wa jumuiya yake. Parokia zinaweza kuzikusanya kuanzia Septemba.

Katibu wa ofisi ya parokia,
Kisumu