Barua kwa mwanangu: mbwa na majira ya joto shambani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Mwezi wa saba na wa nane tutakuwa Mwanza, na nyumba yetu ya huku Saskatchewan, Kanada, itabaki mikononi mwako. Mambo ya pampu na umeme baba yako atakueleza kwa simu. Mimi nakuandikia kuhusu mbwa wetu wawili, Dubu na Kasi, tu, kwa kuwa Toronto ulikokaa miaka yote hii mbwa hutembezwa kwa kamba na kurudi ndani, lakini huku kwenye mbuga hushinda nje wamelegezwa, na kiangazi kina hatari zake.

Kwanza ratiba. Mwezi wa saba jua huchomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Wakimbize mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, kisha jioni jua likishapoa. Kwetu Tanzania mbwa hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku alinde. Hapa geuza: wawe huru mchana, na giza likiingia wote walale barazani, mlango umefungwa. Nungunungu, skanki (nitakueleza ni mnyama gani hapa chini) na koyote, yule mbwamwitu mdogo wa huku, hutembea usiku, na sehemu kubwa ya taabu utakazosoma humu humpata mbwa aliyeachwa nje baada ya magharibi.

Chakula wape asubuhi na jioni, wala usiache mabaki kwenye bakuli nje, maana ndiyo yanayowaita skanki hadi mlangoni. Dubu ana kilo 34, Kasi ana 18. Siku ya kawaida mbwa hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo, yaani Dubu lita mbili hivi na Kasi lita moja. Siku ya nyuzi 30 na zaidi kiasi hicho hupanda mara mbili. Weka mabakuli mawili ya chuma, yote kivulini, moja barazani na moja karibu na karakana. Yasugue kila siku kwa brashi, kwani utelezi ule wa ndani huwafanya waache kunywa hapo na kwenda kutafuta maji kwingine.

Kwingine huko ndiko lambo. Dubu ni Labrador, na Labrador akiona maji haombi ruhusa. Siku za joto zisizo na upepo, mwani wa kijani-buluu huota haraka kwenye malambo yanayopata mbolea ya ng'ombe na ya mashamba ya kanola, zao la mbegu za mafuta. Ukiona uso wa maji umekuwa kama mtu amemwaga rangi ya kijani, mbwa wasisogee. Upepo husukuma utando ule hadi ukingoni, palepale mbwa anaponywea, kwa hiyo katikati pakionekana safi usidanganyike. Sumu yake huua ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya saa moja, na haina dawa ya kuizimua. Kuchemsha maji hakuiondoi. Akiingia kwa bahati mbaya, msuuze kwa maji ya bomba papo hapo kabla hajajilamba, kisha nenda kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Nakuomba uende kulitazama lambo kila asubuhi, hata kama jana lilikuwa safi.

Sasa kazi ambayo ningependa usiikose hata jioni moja: kuwapapasa. Wakae barazani kwenye mwanga, upitishe vidole mwili mzima taratibu, ukianzia kichwani. Nyuma ya masikio na ndani yake, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia, na katikati ya kila kidole cha mguu. Usitegemee macho. Manyoya ya Dubu ni meusi na ya Kasi ni marefu, kwa hiyo vidole vitagundua kabla ya macho.

Utakachokuta kwanza ni kupe. Wengi huku ni kupe wa mbwa wa Amerika, ambao hushamiri mwezi wa tano na wa sita na kupungua kadiri mwezi wa saba unavyokwenda. Hawa hawaenezi ugonjwa wa Lyme, lakini usiwaachie kwa sababu hiyo. Chukua kibano chembamba kilicho kwenye kopo la bluu, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja kwa nguvu ya polepole. Usimzungushe, usimpake mafuta wala kumchoma kwa kiberiti, maana akisumbuliwa anaweza kutapika ndani ya jeraha. Mtie kwenye spiriti, upanguse ngozi. Angalizo moja: dume naye ana chuchu, na tumboni kwa Dubu chuchu hizo ni nyeusi kama kupe. Kabla hujavuta, tafuta miguu midogo.

Cha pili ni masuke ya shayiri mwitu, na hayo nayaogopa kuliko kupe. Ni nyasi nzuri ya kutazama, yenye suke laini linalong'aa kama hariri, na huota kando ya barabara na kwenye ukingo wa lambo wenye chumvi. Likiwa kijani halina madhara. Likikauka, kuanzia mwezi wa saba, huvunjika vipande vyenye vijiti vyenye meno yanayoelekea upande mmoja. Kipande kikishaingia, kila hatua ya mbwa hukisukuma mbele, hakirudi nyuma. Hutoboa ngozi kati ya vidole na kupanda ndani ya mguu. Dalili ujue hivi: akilamba mguu mmoja bila kuacha, tafuta uvimbe mdogo wenye tundu kati ya vidole. Akianza kutikisa kichwa ghafla na kukiinamisha upande mmoja baada ya kutoka majanini, kipo sikioni. Akipiga chafya mfululizo na damu ikatoka pua moja, kipo puani. Kinachoonekana kwa nje kitoe kwa kibano. Cha sikioni au puani mpeleke kwa daktari, usichokonoe kwa kijiti cha pamba, utakisukuma zaidi. Kila baada ya wiki mbili punguza kwa mkasi wenye ncha butu nywele zilizo kati ya vidole vya Kasi, na nyasi za uani zikatwe zisizidi sentimita kumi.

Skanki. Ni mnyama wa ukubwa wa paka, mweusi mwenye mistari myeupe, na harufu anayorusha ina sulfuri. Juisi ya nyanya ambayo watu watakushauri haiondoi chochote, hufunika pua tu. Dawa yenyewe ilitoka kwa mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, mwaka 1993: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha soda ya kuokea, na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Changanya kwenye ndoo ya plastiki iliyo wazi, palepale unapotaka kuitumia. Vaa glavu. Mbwa asiloweshwe maji kwanza. Sugua dawa moja kwa moja kwenye manyoya makavu, iache dakika tano, kisha suuza vizuri. Isiingie machoni. Na kama majimaji ya skanki, yanayotoka kwenye tezi za chini ya mkia wake, yamemwingia mbwa machoni, osha kwa maji matupu mengi. Dawa ikibaki imwage. Ukiifungia kwenye chupa hutoa oksijeni na chupa hupasuka. Manyoya ya Dubu yatapauka kidogo, hayo si tatizo. Ila kama skanki alionekana mchana akiyumba, au amemng'ata mbwa, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa kwenye mbuga hizi skanki ndiye mbebaji mkuu wa kichaa cha mbwa. Wote wawili wamechanjwa, kadi ziko droo ya juu jikoni.

Nungunungu wa huku ni mdogo kuliko yule unayemjua, hupanda miti, na miiba yake ina vimeno vinavyouma mwilini. Ikiwa michache mguuni, shika kila mmoja kwa plaizi karibu na ngozi uvute kwa mkupuo ulionyooka. Usiikate, hadithi kwamba ukikata hewa hutoka na mwiba hulegea si kweli, unapata tu kipande kigumu zaidi kushika. Ikiwa mdomoni, kooni au karibu na jicho, mzuie asijikwaruze na miguu ya mbele, mpeleke kwa daktari, wamtie dawa ya usingizi waing'oe.

Joto nalo. Gari lililofungwa, nje nyuzi 24, hufika 34 ndani ya dakika kumi. Usimwache mbwa kwenye pikapu hata ukienda kuchukua barua tu. Akihema kwa nguvu bila kutulia, ufizi ukawa mwekundu sana, akayumba au kutapika, mmwagie maji ya baridi mwili mzima na kumpepea, huku unaendelea hadi mpate gari. Taulo lililoloa usimfunike nalo likae, maana hubana joto. Mpoze kwanza, safari baadaye. Na Kasi usimnyoe. Manyoya yale humkinga na jua.

Siku wanapokata nyasi za marobota, piga simu kwa jirani ujue saa, na mbwa wote wafungiwe ndani. Kasi akishtuka hulala chini kwenye majani marefu, na dereva wa mashine hamwoni. Muulize pia kama ameweka sumu kwenye mashimo ya panya wa shambani. Zile zinazozuia damu kuganda huonyesha dalili baada ya siku kadhaa tu, kwa hiyo ukimwona mbwa akila panya aliyekufa usingoje uone atakuwaje.

Tarehe mosi Julai ni Siku ya Kanada, kuna fataki. Usiku huo, na kila ngurumo ikianza, ndani mapema, mikanda yenye kibati cha namba ya simu shingoni. Kasi hukimbia akisikia radi, na akishaingia kwenye kanola iliyorefuka humwoni.

Namba ya daktari iko mlangoni pa friji, ni mwendo wa dakika arobaini. Akiwa amefunga, nenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon, na upige simu kabla ya kuondoka.

Mama yako