Kwa sahibu yangu wa Malindi, kuhusu hiyo kriketi

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena na mwanangu, akacheka mpaka akakohoa. Yaani mkuu wenu wa stesheni hapo Malindi ameamua kwamba Kombe la Dunia la kriketi la 2027, kwa kuwa litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, ni la Waafrika na litangazwe kwa Kiswahili, na mtangazaji ni wewe! Wewe wa ligi ya mtaa na matangazo ya vifo. Kama haki za matangazo mmezipata au bado, hilo ni la wakubwa. Wasiwasi wako nimeusikia: hujawahi kushika gongo la kriketi, na umeambiwa upunguze Uamu, ile lafudhi yetu ya Lamu, kwenye sauti.

Nianze na hilo la sauti kwa sababu ndilo lililoniudhi.

Palikuwa na mtu akiitwa John Arlott. Alizaliwa Basingstoke, Uingereza, mwaka 1914, akawa polisi mjini Southampton, polisi wa kawaida wa zamu, ila akiandika mashairi. Mwaka 1945 BBC wakamwajiri, na si kwa michezo: alishughulikia vipindi vya mashairi na fasihi vilivyorushwa ng'ambo. Mwaka uliofuata timu ya India ikazuru Uingereza. Idhaa iliyosikika India ikataka mtu wa kuwaeleza watu mechi za mwanzo, Arlott yuko pale pale ofisini, kriketi anaipenda kufa. Wakamtuma yeye. Kazi aliyoingia kwa mlango huo hakuiacha mpaka 1980. Kwa hiyo usinambie eti umeokotwa tu kwa kuwa ulikuwa karibu na meza ya mkuu.

Na lafudhi? Alisema kama watu wa kwao Hampshire wasemavyo, sauti nzito, ya taratibu, ya mashamba, enzi ambazo watangazaji wa BBC walitakiwa wasikike kama waliolelewa nyumba moja. Hakuibadilisha. Wasikilizaji walifungulia redio ili waisikie sauti ile hata siku ambazo mchezo wenyewe haukuwa na maana. Basi mkuu wako mjibu kwa adabu, lakini usijikamue. Msamiati wa kwetu tupu uweke wa kuzungumza na mamako, maana mtu wa Kisumu hataufahamu. Mwendo wa sauti yako uache ulivyo.

Kisa kimoja nakupa kwa sababu nakipenda tu. Huko Cape Town palikuwa na mchezaji akiitwa Basil D'Oliveira, ambaye kwa sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kucheza na Wazungu. Akamwandikia barua Arlott, mtu ambaye hakuwahi kumwona, anamjua kwa sauti ya redioni tu, akimwomba amtafutie pa kucheza Uingereza. Arlott akahangaika, na mwaka 1960 D'Oliveira akapata klabu ya Middleton. Kufikia 1966 alikuwa anaichezea timu ya taifa ya Uingereza. Halafu 1970, timu ya makaburu ilipotarajiwa kuzuru, Arlott akatangaza mapema kwamba mechi hizo hatazitangaza. Ziara ikafutwa. Barua ya mtu mbali vile, kwa kuiamini sauti! Mimi hapo humheshimu kuliko kwa kriketi yenyewe.

Sasa mchezo. Sheria utajifunza kwa wiki mbili, si kazi. Ova moja ni mipira sita, mrushaji anarusha, mpigaji anapiga au anatolewa, wanakimbia, mikimbio inahesabiwa. Kinachowashinda watangazaji wa mpira wakiingia huku ni ule muda mtupu. Mpira ukishachezwa, sekunde chache tu, mrushaji anageuka, anatembea kurudi mwanzo wa mbio zake, anaupangusia mpira surualini, nahodha wake anamsogeza mchezaji hatua tatu kushoto. Nusu dakika hivi. Kisha tena. Siku nzima hivyo, na zile mechi za Test, kriketi ndefu ya mataifa, ni siku tano. Ukizoea kupiga kelele za "anaingia, anaingia, anapiga!" utakauka koo kabla ya adhuhuri. Mtangazaji wa kriketi analipwa kwa nusu dakika hizo, na hapo wewe uliyelelewa barazani una mtaji.

Unayakumbuka mashindano ya majahazi ya Maulidi, yale uliyoyakosa kwa zamu? Yule bwana wa kipaza sauti hapa Usita wa Pwani alipiga makelele mpaka majahazi yakaenda mbali, yakawa matanga tu. Akaishiwa. Akabaki kutaja wafadhili. Ndipo nahodha mmoja mzee aliyekuwa amekaa kwenye ukuta akamwomba kile kipaza sauti. Hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema tanga la lile jahazi la kijani lina kiraka kipya juu, karibu na foromali, na kimeshonwa kwa uzi usiofanana na wa zamani, hivyo upepo ukizidi pale ndipo patakapoanzia kuchanika. Akasema mabaharia wa upande wa goshini, unakotoka upepo, wamejinyoosha nje mpaka migongo inarowa maji, na mmoja ni kijana, bado anatazama chini. Watu wakanyamaza. Sisi tulikuwa tunaona vitambaa vyeupe huko mbali, yeye anatupa uzi na mgongo. Jahazi la kijani halikushinda, la nne au la tano, lakini watu hawaachi kuuliza habari za kiraka. Huyo mzee kriketi haijui hata kwa jina, na mkuu wako angemweka hewani kesho asingejuta.

Umeniambia pia kwamba hamtasafiri, mtakaa studio mkitazama televisheni, na wewe unaona huo ni udanganyifu. Hamjawa wa kwanza, na wenzenu walifanya kwa shida zaidi. Mwaka 1938 Australia ilipokuwa ikicheza Uingereza, redio ya taifa ya Australia, ABC, iliwakalisha watangazaji studio Sydney bila picha yoyote. Simu za maandishi ziliingia kutoka Uingereza zikieleza kila ova kwa mkato, wao wanazifungua na kuzisimulia kana kwamba wako uwanjani. Mpira ukipigwa, mtangazaji anagonga kipande cha ubao kwa penseli. Makofi yalitoka kwenye santuri. Watu walikesha usiku wakisikiliza penseli! Tena hawakudanganywa, walijua, ila waliutaka mchezo. Wewe angalau utakuwa na picha. Sema tu mapema kwamba uko Malindi, msikilizaji hatakununia.

Kuhusu kutocheza, hapo pana kambi mbili. Kuna waliotoka uwanjani, na mkubwa wao ni Richie Benaud wa Australia, nahodha wa taifa lake, mechi 63 za Test na wiketi 248, yaani wapigaji 248 aliowatoa. Huyo alipanda ngazi akiwa bado mchezaji: mwaka 1956, ziara ya Uingereza ilipokwisha, alibaki London kujifunza utangazaji BBC, na kwao Sydney alikuwa mwandishi wa gazeti anayefuatilia habari za polisi. Hakungoja magoti yachoke ndipo atafute kazi nyingine. Kanuni yake kwenye televisheni ilikuwa kwamba kama huna la kuongeza juu ya kinachoonekana, funga mdomo. Kambi ya pili ni ya kina Harsha Bhogle wa India, aliyesomea uhandisi wa kemikali, hakuichezea nchi yake, na leo anajulikana kote kriketi inakochezwa. Utasimama na Bhogle, hakuna aibu. Ila kanuni ya Benaud usiichukue nzima nzima, yeye alikuwa na picha. Redioni ukinyamaza sana watu hudhani umeme umekatika, na kwetu huenda ikawa kweli.

Lakini jambo moja la Benaud lichukue. Septemba 2005, uwanja wa The Oval, ilikuwa siku yake ya mwisho kutangaza Uingereza. Anaaga, anashukuru watu kwa miaka yote ile, na katikati ya maneno Glenn McGrath akamtoa Kevin Pietersen aliyekuwa na mikimbio 158. Benaud akaikata kwaheri yake mwenyewe, akaeleza wiketi, kisha akaendelea kuaga. Arlott naye, mechi yake ya mwisho ya Test 1980 pale uwanja wa Lord's, London, alimaliza ova akataja atakayempokea, akanyamaza, hakuna hotuba. Waliokuwa uwanjani walipotangaziwa kwamba amemaliza, wachezaji wenyewe waligeuka wakampigia makofi.

Na kwetu? Kenya iliifunga Sri Lanka Nairobi tarehe 24 Februari 2003 kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiangusha wiketi tano. Mwezi uliofuata tukacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na India, Durban. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi wakasema usalama, tukapata pointi za bure, lakini Sri Lanka walikuja wakafungwa. Mimi yote hayo niliyapata kama namba kwenye taarifa ya habari. Kwa mpira wa miguu tulikuwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeingia Sauti ya Kenya 1964. Baba yangu alikuwa na mechi kichwani ambazo hakuzitazama hata dakika moja, zote za Mbotela. Ushindi ule wa kriketi sina hata picha yake moja kichwani. Ndiyo maana nakwambia kubali kazi hii, acha kunung'unika.

La mwisho ni la ufundi, na wengi huliharibu. Taja hesabu. Mtu anayefungulia redio dukani wakati huu hajui nani anapiga, wiketi ngapi zimeanguka, ova ngapi zimebaki. Ukimaliza kila ova mwambie, na katikati mwambie tena, hata kama wewe umechoka kuisema. Tafuta kijana anayejua hisabati akae kando yako na daftari, akuandikie. Usimchague binamu yako, yule simu haimtoki mkononi.

Jirekodi ova kumi za mechi yoyote ya YouTube ukiwa umezima sauti yao, kisha nitumie. Ukinitumia makelele nakurudishia.

Mamako mzima, nilimkuta juzi sokoni. Nikamweleza habari zako. Akauliza mchezo wenyewe huchukua muda gani, nikamwambia mwingine siku tano. Akasema basi wakulipe kwa siku, usikubali kulipwa kwa mechi.

Nduguyo wa Langoni