Kwa vijana wetu mnaosomea sayansi: hiyo fimbo iwekeni chini kwanza

Wanangu, assalaam aleikum.

Juzi nilikwenda kumsikiliza mmoja wenu, amerudi Lamu likizo, akitueleza protini ya kimelea cha malaria. Picha nzuri, rangi tele. Akaelekeza fimbo kwenye mkia mrefu wa rangi ya chungwa, umezagaa kama uzi uliofumuka: "Hapa ndipo dawa itakaposhika." Nikauliza, umbo hilo nani amelipima? "Mwalimu, kompyuta imeshamaliza."

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, ndiyo inayoniuma.

AlphaFold, programu ya kompyuta inayokisia umbo la protini na ndiyo iliyochora picha ile, haikuficha kitu. Kila kipande imekipa alama ya uhakika wake, 0 hadi 100. Buluu iliyokoza ni zaidi ya 90. Chungwa ni chini ya 50: programu yenyewe inakiri haina hakika, na mara nyingi kipande hicho hakina umbo maalumu hata kikiwa peke yake ndani ya seli. Nanyi ndipo mnapoelekeza fimbo!

Nendeni Matondoni mkakae na fundi wa majahazi nusu siku tu. Ubao anaukata kwa jicho, na jicho lile nalihusudu. Lakini hapigi msumari mpaka aupachike kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, atazame mwanga unapenya wapi, aushushe, auchonge, aupandishe tena. Basi nanyi lilazeni umbo la kompyuta juu ya lililopimwa kwa kuipiga eksirei fuwele ya protini, mhesabu atomu zimeachana angstromu ngapi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Wala msitosheke na wastani. Vipande viwili huweza kuwa sawasawa kila kimoja peke yake, kumbe vimegeukiana kombo.

Mengine kwa ufupi. Himoglobini, protini ya damu, ikichorwa na AlphaFold 2 haina hemu, kile kipande chenye chuma kinachoshika oksijeni. Fuwele nayo huweza kuibana protini, kwa hiyo kipimo nacho kikagueni.

Sisemi kompyuta ni upuuzi. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024, waliyopewa Baker, Hassabis na Jumper kwa kazi yao ya protini kwa kompyuta, sikuionea choyo. Ila programu ilisomeshwa kwa benki ya maumbo ya protini yaliyopimwa, iliyoanza 1971 na maumbo 7, watu wakihangaika na fuwele miaka na miaka. Sisi huku tumewasomesha kwa hadubini moja, lenzi imeliwa na chumvi ya bahari, kisha twashangaa mkipenda picha kuliko kipimo.

Wewe kijana, najua utaisoma hii. Njoo Ijumaa baada ya swala, na kompyuta yako. Tutaanza na sehemu za buluu.