Jina la marehemu diwani na bustani yenu

Mama Neema mpenzi,

Salamu kwako, kwa baba na kwa watoto. Barua yako nimeipata. Unasema kikao cha kata kimegawanyika: wengine wanataka sehemu ya mbele ya bustani iitwe jina la marehemu diwani, wengine hawataki mwanasiasa mahali watoto wanapochezea. Mimi naunga mkono apewe, ila si pale mbele.

Hapa Nairobi tuna bustani ya John Michuki, kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe. Huko Morogoro huenda mlimsikia kwa zile sheria za Michuki za mwaka 2004, alipokuwa waziri wa uchukuzi: matatu zikafungwa mikanda na vidhibiti mwendo, zikachorwa mstari wa manjano ubavuni. Lakini bustani haikuitwa jina lake kwa ajili ya matatu. Mwaka 2008 alipewa wizara ya mazingira, akaushikilia mto ule uliokuwa umegeuzwa jaa. Taka zikazolewa, miti ikapandwa ukingoni, na watu waliozoea kupita pale wameziba pua wakaanza kusimama. Alifariki Februari 2012. Jina lake liko pale pale alipofanya kazi, na ndiyo sababu nalikubali kwa moyo wote.

Nasema hivyo nikikumbuka pia mwaka 2006. Alikuwa waziri wa usalama wa ndani polisi walipovamia gazeti la Standard, wakachoma magazeti, naye akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Lile liliniuma na linaniuma hadi leo. Kwa hiyo wanaopinga huko kwenu usiwaone wabaya, Mama Neema. Wanaogopa kibao kitamfanya marehemu malaika. Waambie kibao kiandike kazi aliyoifanya mahali hapo, kwa maneno ya kawaida, wala kisiishie kwenye cheo chake.

Uliniandikia zamani kwamba ni yeye aliyesimama kidete ile kona ya nyuma isikatwe viwanja, hata akagombana na watu wa chama chake. Basi kona hiyo ndiyo yake! Najua mbele pana maua na wageni hupigia picha hapo, lakini hapo mbele yeye alifanya nini? Nyuma kila mzee wa mtaa atamweleza mjukuu wake kwa nini bado kuna uwanja wa kuchezea.

Jambo jingine mlipiganie kabla ya kura: nani atafagia, nani atamwagilia, na fedha zitatoka fungu gani la halmashauri. Baada ya Michuki kufariki, ukingo ule ulitelekezwa na uchafu ukarudi, mpaka ulipofufuliwa mwaka 2020. Mto wenyewe bado unateremka na maji taka kutoka juu. Nikiuona hivyo chini ya jina la mtu aliyehangaika kuusafisha, naona uchungu kwa niaba ya wanawe.

Na mjane wa diwani, je, ameshaulizwa? Kama bado, nenda wewe mwenyewe ukakae naye kabla ya kikao kijacho. Huenda ana maneno anayotaka yawekwe kwenye kibao hicho. Ukishaongea naye, niandikie.

Wako akupendaye,
Mama Baraka