Kiungulia cha asubuhi: tuambie kwanza jana ulikula saa ngapi

Famasi yetu inafunguliwa saa 1 asubuhi, na wateja wa kwanza mara nyingi si wa malaria wala wa kikohozi. Ni watu wanaowahi daladala, mkono mmoja uko kifuani. "Dada, nipe zile za kutafuna, kifua kinawaka." Mwingine ameamka na nyongo mdomoni. Mwingine ananionyesha chembe ya moyo kwa kidole. Mwingine hana maumivu kabisa, ila sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshangilia mpira usiku kucha. Wanachukua vidonge viwili, wanameza, wanakimbilia kituoni. Kesho kutwa wamerudi.

Ninawauzia, maana mtu anayeungua hatakiwi kusubiri somo. Lakini inaniuma kumwona mtu yuleyule kila wiki akinunua nafuu ya saa moja kwa tatizo ambalo mara nyingi lingetulia kwa kusogeza mlo wa usiku na kubadili namna ya kulala. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijafungua kabati, nauliza: jana ulikula saa ngapi, na ulilala saa ngapi?

Kati ya umio, yaani njia ya kushushia chakula, na tumbo kuna msuli wa duara unaofanya kazi ya mlango. Tonge likifika unafunguka, likipita unajifunga. Ukilegea, au tumbo likijaa hadi likausukuma, asidi ya tumboni hupanda juu. Tumbo lenyewe limefunikwa na ute mzito unaolikinga na asidi yake. Umio hauna kinga ya namna hiyo, na hapo ndipo moto unapowaka.

Mchana mwili una njia mbili za kujiokoa. Kwanza umesimama au umekaa, kwa hiyo kilichopanda kinashuka chenyewe. Pili unameza mate kila wakati bila hata kujua, na mate yana baikaboneti inayopooza asidi. Ukilala, vyote viwili vinaondoka. Umelazwa sambamba na tumbo lako, mate yamepungua sana, na humezi kama mchana. Asidi iliyopanda saa 7 usiku inaweza kukaa palepale kwenye umio muda mrefu wakati wewe unakoroma. Unapofumbua macho, kuungua kumeshafanyika. Wewe unasikia majibu tu.

Sasa turudi kwenye swali langu la chakula. Hapa Mbagala wateja wangu wengi wanatoka kazini mjini saa 12 jioni, na kwa foleni ya Barabara ya Kilwa wanafika nyumbani saa 3. Mtu amechoka, ana njaa ya tangu mchana. Anapitia kwa muuza chipsi: chipsi mayai, mishikaki miwili, kachumbari ya ndimu, pilipili, soda ya baridi. Saa 4 na nusu yuko kitandani. Mlo wa kawaida huchukua takriban saa nne kutoka tumboni kwa sehemu kubwa, na mlo wenye mafuta mengi hukawia zaidi. Kwa hiyo amelala na tumbo lililojaa, na gesi ya soda inasukuma kutoka ndani. Ni sawa na dumu ambalo kifuniko chake hakijakazwa. Likisimama halimwagi kitu, lilaze uone.

Tunashauri zipite angalau saa tatu kati ya tonge la mwisho na kulala. Najua si kila mtu anaweza, na sipendi ushauri unaomlaumu mtu kwa sababu ya foleni. Kama unafika saa 3 na lazima uamke saa 10 alfajiri, geuza milo. Kula mlo mzito mchana kwa mama ntilie, beba kitu cha kula saa 11 jioni kabla hujapanda gari, halafu usiku uwe mwepesi: uji, ndizi za kuchemsha, wali kidogo na samaki asiyekaangwa. Pilipili, nyanya nyingi, ndimu na achari viweke kwenye mlo wa mchana. Mteja wangu mmoja wa bodaboda hakuacha chipsi. Alizihamishia saa 8 mchana tu, na wiki ya pili aliniambia ameamka salama siku tano mfululizo.

Mwezi wa Ramadhani swali langu linabadilika, kwa sababu kiungulia kinakuja na daku. Mtu amefuturu vizuri, tambi, mihogo ya nazi, bagia, kachori, na baada ya tarawehe akala tena. Saa 10 alfajiri anakula daku ya wali na mchuzi, anaswali, anarudi kulala hadi saa 2. Anaamka kifua kinawaka na hawezi kumeza dawa, kwa kuwa amefunga. Kwa hawa ninasema: daku iwe na mafuta kidogo, na ukihitaji kurudi kulala baada ya swala, egemea badala ya kujilaza bapa. Kama una dawa ya asidi ya kila siku, njoo tuipangie muda mpya kabla mwezi haujaandama.

Namna ya kulala nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tumbo limekaa upande wa kushoto. Ukilalia ubavu wa kushoto, sehemu ambapo umio unaingia tumboni inabaki juu ya asidi. Ukilalia kulia, asidi inafika mlangoni. Hilo halina gharama yoyote, lianze leo.

La pili ni kuinua upande wa kichwa. Wengi hurundika mito mitatu, na mito hiyo inapandisha shingo tu na kukunja mwili kiunoni, hivyo tumbo linabanwa na kiungulia kinaongezeka. Kinachotakiwa kuinuka ni kifua kizima, na njia rahisi ni kuinua miguu ya kitanda ya upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Kwa muda nilikuwa nawaambia watu watafute matofali, na mama mmoja kitanda chake kikateleza usiku. Baada ya hapo nilikaa na seremala jirani yetu, akatengeneza vipande vya mbao ngumu vya sentimita 15 vyenye shimo ambalo mguu wa kitanda unaingia na kutulia. Tunaviuza hapa dukani, viwili shilingi 10,000, na seremala anakuja kuvifunga kwako kama uko karibu. Usiviweke kwenye dabo deka wala kwenye kitanda kinacholegea viungo. Anayelalia godoro chini anaweza kuweka ubao wa mteremko chini ya godoro, kuanzia kiunoni kwenda kichwani.

Kuhusu dawa, hapa ndipo ninapoona makosa mengi zaidi, na mengine yanatokana na sisi wauzaji kutoeleza.

Vidonge vya kutafuna na dawa ya maji nyeupe, zile za magnesiamu na aluminiamu, hupooza asidi iliyopo wakati huo. Zinafanya kazi ndani ya dakika chache, na tumbo likiwa tupu nguvu yake huisha kwa takriban saa moja. Ni nzuri kwa siku mojamoja. Usizimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, wala antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, kwa sababu zinazuia dawa hizo kuingia mwilini. Meza dawa hizo kwanza, kisha acha angalau saa mbili kabla ya kumeza hizi. Ule unga unaotoa povu kwenye glasi una sodiamu nyingi, kwa hiyo mwenye presha au tatizo la figo asiufanye wa kila siku, na magadi ya jikoni vilevile.

Omeprazoli ni kitu kingine kabisa. Haipoozi asidi iliyokwisha kutoka. Inazima pampu zinazoitengeneza, na pampu hizo huamka pale chakula kinapokuja. Ndiyo maana inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Wateja wengi huimeza usiku wakiwa wanapanda kitandani, au huimeza pale wanapoungua, halafu wananiambia dawa haina nguvu. Dawa ina nguvu, saa ndiyo imekosewa. Pia inahitaji siku kadhaa hadi ifike kiwango chake, kwa hiyo usiihukumu siku ya kwanza. Bila ushauri wa daktari usivuke siku 14. Mtu aliyeitumia miezi mingi akiiacha ghafla, tumbo linaweza kumwaga asidi nyingi kuliko mwanzo, naye akadhani amerudiwa na ugonjwa. Kuna njia ya kuipunguza taratibu, tuulize.

Kuna pia dawa zinazoleta kiungulia zenyewe. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu humeza kwa ajili ya mgongo na magoti, hukwangua tumbo. Doksisaiklini ikimezwa kwa funda moja la maji kabla ya kulala inaweza kunasa kwenye umio na kuuchoma, na mtu anaamka hawezi kumeza hata mate. Imeze na glasi nzima, ukae wima angalau nusu saa. Baadhi ya dawa za presha kama amlodipini na nifedipini zinaweza kulegeza ule mlango. Tafadhali usiziache, presha haisubiri. Mwambie daktari wako akuangalizie nyingine.

Wajawazito wananigusa moyo, maana nilikuwa mmoja wao. Mimba yangu ya pili, kuanzia mwezi wa saba, nililala nimekaa kwenye kochi. Homoni ya projesteroni inalegeza misuli, na mtoto anayekua analisukuma tumbo juu. Bibi zetu husema kiungulia kikali ni dalili kuwa mtoto ana nywele nyingi. Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa utafiti uliofuatilia wajawazito 64, na walikuta uhusiano wa kweli kati ya mambo hayo mawili, wakidhani homoni zilezile zinahusika. Kwa hiyo bibi hakukosea sana. Ninachowasihi mama zangu ni kuhusu pemba. Wengi huutafuna udongo huo kutuliza kichefuchefu na kiungulia. Unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, nao huzuia madini ya chuma mwilini wakati unayahitaji sana. Milo midogo mara tano au sita, ubavu wa kushoto, na dawa ambayo kliniki imeikubali, hiyo ndiyo njia salama.

Maziwa nayo naulizwa kila siku. Yanatuliza kwa muda mfupi, kisha yanalichochea tumbo kutoa asidi zaidi. Glasi ya maziwa kabla ya kulala si tiba. Sigara, pombe ya usiku na kitambi vinachangia pia, hayo mnayajua.

Halafu kuna lile neno "nina vidonda vya tumbo". Kila anayeungua kifua anajiita hivyo, na wengine wanakuja kutaka dozi nzima ya vidonda bila kupima. Vidonda vingi vinatokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, waliyemgundua Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren mwaka 1982, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kumwondoa kunahitaji antibiotiki kwa wakati mmoja na dawa ya asidi, kwa siku zote ulizopangiwa. Kiungulia cha kupanda kwa asidi hakiponi kwa antibiotiki. Ukizimeza bila sababu unawafundisha bakteria usugu, na siku ukizihitaji kweli hazitakusaidia. Pima kwanza kwa choo au kwa pumzi. Kama ulikuwa unatumia omeprazoli, mwambie anayekupima, kwa sababu inatakiwa iachwe wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unaye.

Wapo ambao siwauzii kitu, nawapeleka hospitali siku hiyohiyo. Anayesikia tonge linakwama linaposhuka. Anayetapika damu, au ana choo cheusi kama lami. Anayepungua uzito bila kujua kwa nini. Afrika Mashariki imo kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio, na wagonjwa wengi hufika wakati hata uji haupiti tena. Walikuwa wakinywa dawa za kiungulia. Hili nalisema kwa uchungu. Na tukiwa hapohapo, chai ichemke lakini iache ipoe kidogo. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliviweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani.

Na kama kifua kinabana, unatoka jasho la baridi, maumivu yanakwenda begani, mkononi au kwenye taya, usije kwangu. Huo unaweza kuwa moyo. Nenda hospitali moja kwa moja.

Kwa mengine yote, njoo. Kuongea nasi ni bure, na kupima presha ni bure kila siku kabla ya saa 4 asubuhi. Njoo na dawa zote unazomeza, hata za kienyeji, zitie kwenye mfuko tuzipitie pamoja mezani. Ukiweza, andika kwa siku saba kwenye karatasi au kwenye simu: ulikula nini, saa ngapi, ulilala saa ngapi, uliamkaje. Karatasi hiyo itatusaidia zaidi ya maelezo ya haraka dirishani, na kama tutakupeleka kwa daktari, utakwenda nayo.