Salamu za Krismasi, na Neno Kuhusu Vitabu vya Kanisa

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wazee wa kanisa tunawatakia Krismasi njema na heri za Mwaka Mpya, mlio nyumbani nanyi mnaokuja kwa nauli ya Desemba, ambayo sote twaijua. Unga nao haushikiki. Lakini lililotuuma zaidi ni mazishi. Wazee waliojua nani alibatizwa wapi wanakwisha. Na niseme la moyoni: bado sijazoea kumwona mtu mwingine kwenye kiti cha karani wetu.

Basi likizo hii waulizeni wazee wenu habari za ubatizo wa ukoo. Kanisa letu lilianza kama tawi, na ubatizo wa matawi uliandikwa misheni. Usipomwona nyanya yako katika kitabu chetu, anza Thogoto, misheni ya Waskoti kule Kikuyu ya tangu 1898, au Tumutumu, ya 1908, kama ukoo wenu ulitoka Nyeri. Jina likikatika mwaka 1929, usidhani alikufa: ni kirore, alama ya kidole gumba ambayo wamisionari walitaka waumini watie kukana tohara ya wasichana. Wengi walikataa kutia kidole, wakaondoka. Waliorudi baadaye huenda waliandikwa upya, kwa hiyo mtu mmoja aweza kuonekana mara mbili. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 nako, watu walihamishwa kwa lazima hadi vijiji vipya vya serikali, na ushirika ukahama nao.

Mkongwe asiyejua mwaka aliozaliwa au kubatizwa mwulize njaa ya wakati huo na rika lake la tohara. Akitaja ng'aragu ya mianga, yaani njaa ya muhogo, andika 1943. Andika jina la ubatizo, la nyumbani na la baba. “Mary Wanjiku” peke yake hatafutiki.

Kurasa za vitabu vya kanisa zipigwe picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, mkianza na jalada. Palipochanika msibandike selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuharibu karatasi. Sanduku la vitabu lisiguse sakafu wala ukuta, maana ndiko mchwa hupitia.

Minnie Watson, mmisionari kutoka Uskoti, alifiwa na mumewe Thogoto mwaka 1900, akaendelea na kazi hadi 1931. Twamjua kwa sababu aliandikwa. Je, mama zetu waliobeba mawe ya msingi kwa migongo yao? Tunaezeka mabati mapya, tunapaka rangi, na majina yao tumewaachia mchwa! Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili Gilgali ili watoto wakiuliza, wajibiwe. Wetu wakiuliza, tutawajibu nini?

Daftari la kuandikia majina litakuwa vestri, chumba cha pembeni cha kanisa, baada ya ibada ya tarehe 25. Njooni na penseli, si kalamu ya wino. Mungu awabariki nyote.